Pete Nyekundu na Harufu ya Samaki

Alhamisi, 29 Agosti

Mama amefungua mkebe wa kwanza wa samaki wake waliochacha. Mkebe ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Aliufungulia ndani ya ndoo ya maji, uani, upepo ukielekea kwa jirani. Kisha akala kwa viazi na vitunguu, macho ameyafumba kwa raha, na mimi nimekaa upande wa pili wa meza nikipumulia mdomo. Samaki wanaachwa waoze tangu Aprili, halafu watu wanasema ni urithi. Nimezaliwa hapahapa Ångermanland, kaskazini mwa Uswidi, nina miaka sitini na mmoja, na sijawahi kummeza hata mmoja.

"Unajinyima," alisema Mama.

"Najistahi."

Jumatatu, 2 Septemba

Msimu wa uwindaji umeanza, wanaume wote wako msituni. Kijiji kimetulia kama posta siku ya Jumapili, na hilo nalijua, nimepeleka barua za kijiji hiki miaka thelathini na tano.

Jumapili, 8 Septemba

Mdogo wangu Sixten amerudi kutoka msituni bila mnyama, ila na mafua na wazo. Wazo lenyewe: atatengeneza vinara sitini vya dirishani, vile vya taa saba ambavyo kila nyumba huku huviwasha Jumapili ya kwanza ya Adventi, majuma manne kabla ya Krismasi, vikauzwe kwenye soko la kanisa. Ameshatangaza kwa wenzake. Kwa Sixten kutangaza ndiyo nusu ya kazi, na nusu ile nyingine huwa hatuioni.

Karakana yake iko kwenye banda la zamani la kuoshea nguo, ng'ambo ya ua. Nusu ya banda ni msumeno wake wa meza na vumbi. Nusu nyingine ni chumba cha Mama. Alihamia humo Baba alipofariki, kama wazee wote wa huku wanavyouachia watoto nyumba kubwa na kuchukua ile ndogo. Ana miaka themanini na minane, jiko lake la kuni na dirisha linaloona barabara. Kati yake na Sixten kuna ukuta mmoja tu wa mbao, uliojazwa unga wa msumeno katikati, kama kuta zote za zamani. Unga wa msumeno huzuia baridi. Kitu kingine hauzuii.

Jumanne, 17 Septemba

Fyuzi ya karakana imeungua mara tatu leo. Mara tatu nimesikia viatu vyake vikishuka ngazi za ghala letu la viazi, ambako ndiko lilipo boksi la umeme, na mara tatu amenipita jikoni bila kufuta miguu.

Umeme niliusomea mwenyewe. Mwaka 1985 mkulima mmoja wa njia yangu alijiandikisha kozi ya umeme kwa posta, akafa kabla ya kijitabu cha pili. Vijitabu vilivyokuja vilipaswa kurudishwa. Vilirudi, ila vilipitia kwangu kwanza, vyote kumi na viwili. Kwa hiyo najua kuwa fyuzi haipo kwa ajili ya mashine. Ipo kwa ajili ya waya. Waya una unene wake, na unene huo ndio unaosema ni amperi ngapi zipite kabla haujaanza kupata moto. Fyuzi ni mlinzi anayekufa kabla ya waya. Ukimweka mlinzi mwenye nguvu kuliko waya, umeamua kwamba waya ndio utakaokufa.

Fyuzi zetu ni za kauri, zinakazwa kama balbu. Chini ya tundu la kila moja kuna pete ya rangi, na upana wa pete ndio unaokataa fyuzi kubwa isiingie. Nyekundu ni kumi. Kijivu ni kumi na sita. Njano ni ishirini na tano. Fyuzi yenyewe nayo ina jicho dogo la rangi hiyohiyo. Tundu la karakana lina pete nyekundu, aliiweka Baba. Msumeno na kinyonya vumbi vikiwaka pamoja vinataka zaidi ya kumi na moja. Nilimweleza Sixten.

"Basi Baba alikuwa mwoga," alisema, akitoa kidonge chake cha tumbaku kwenye ufizi na kukiweka juu ya kifuniko cha boksi la umeme. Bado kipo pale. Kimelowa.

Jumatano, 18 Septemba

Kidonge bado kipo.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeshuka kuchukua viazi. Kwenye tundu la karakana, badala ya jicho jekundu, jicho la kijivu linaniangalia. Nimefungua. Pete haipo. Ameing'oa kwa koleo, na ukingo wa kauri umemeguka.

Nilimkuta karakanani, ndevu zimejaa unga.

"Iko wapi pete?"

"Pete gani, dada? Unaolewa?"

"Sixten."

"Njoo uone kabla hujanihubiria." Akanivuta mpaka kwenye soketi, akafungua kifuniko, akanionyesha nyaya. Kisha akanipeleka upande wa pili, zinakoingilia bandani kutoka nyumba kubwa. "Milimita mbili na nusu huku. Milimita mbili na nusu kule. Vijitabu vyako vya marehemu vinasemaje? Waya wa mbili na nusu unabeba kumi na sita ukiwa umelala usingizi."

Nilitazama. Ni kweli, nyaya ni nene pande zote mbili. Nimerudi na viazi vyangu. Hakuna kinachonichefua kama Sixten akiwa na hoja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Theluji ya kwanza, ikayeyuka. Chumbani kwa Mama kunanuka samaki. Nimemwambia afunike mkebe wake vizuri. Amesema umefunikwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Wazee wanne wa baraza la kanisa wamekuja kuona vinara. Walikunywa kahawa yangu, wakala maandazi yangu ya iliki, wakamsifu Sixten kana kwamba yeye ndiye aliyeumba mti. Mmoja alisema mikono kama ile haizaliwi tena. Niliitazama ile mikono ikirudi kwenye sahani baada ya kutoka mdomoni kupanga tumbaku. Hakuna mwingine aliyeona. Andazi la mwisho lililiwa na yule msifiaji.

Vinara ishirini na viwili vimekamilika. Ni vizuri, na hilo nalo linaudhi.

Ijumaa, 1 Novemba

Nyuzi kumi chini ya sifuri. Harufu imezidi. Nimeuchukua mkebe wa Mama na kuutupa jalalani, na ule wa akiba pia, ambao haujafunguliwa.

"Wewe si mwanangu," alisema Mama.

"Nimefanana na Baba, hilo halikanushiki."

"Baba yako alikula."

Jumanne, 5 Novemba

Mama hasemi nami. Kupitia Sixten ameniarifu kwamba kahawa yangu ni maji ya kuoshea sufuria.

Jumamosi, 9 Novemba

Nyuzi kumi na nne chini. Gundi haikauki kwa baridi, kwa hiyo Sixten ameleta hita karakanani. Hita, msumeno, kinyonya vumbi: nimezijumlisha nyuma ya bahasha, zinakaribia amperi ishirini. Fyuzi ya kijivu ilivumilia kama saa moja, ikafa. Saa tisa alasiri nimeshuka ghalani. Jicho la njano. Ishirini na tano.

Hapo sikuwa na subira tena.

"Zile za ishirini zimeisha dukani," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Kwa hiyo ungekosa viatu vya namba yako ungevaa ndoo."

"Dada, waya ni mnene. Umeuona."

"Hata kwa waya ule ishirini na tano ni nyingi. Namwita fundi wa umeme."

Akaweka chini kinara. Alipozungumza alikuwa mpole, na Sixten mpole ni wa kuogopwa. "Mwite. Atakuja, ataliona banda zima. Limejengwa mwaka arobaini na tisa, hakuna waya wa ardhi, matundu yamemeguka. Atakata umeme, ataandika ripoti. Halmashauri watasoma. Unajua watasema nini juu ya bibi wa miaka themanini na minane anayelala kwenye banda lisilo na umeme? Watampeleka nyumba ya wazee mjini, chumba kinachotazama maegesho ya magari. Utamweleza wewe?"

Nimewapelekea wazee barua kwenye nyumba ile. Wanakaa mlangoni tangu asubuhi wakimsubiri mtu wa posta, kisha wanasahau kufungua bahasha.

Nimeweka fyuzi ya kumi. Akaja kuweka ya njano. Nikaificha ya njano kwenye pipa la unga. Akanunua tatu.

Jumapili, 10 Novemba

Nyekundu asubuhi. Njano mchana.

Jumatatu, 11 Novemba

Njano.

Alhamisi, 14 Novemba

Mikebe nimeitupa wiki mbili zilizopita, na kwa Mama bado kunanuka samaki. Nimeinua zulia. Nimenusa nyuma ya jiko, nimenusa viatu vyake vya majira ya baridi, nimemnusa na yeye mwenyewe alipokuwa amesinzia. Nimehitimisha kwamba ana mkebe wa tatu aliouficha. Uwongo wa wazee unanichosha kuliko wa watoto.

Jumamosi, 23 Novemba

Vinara hamsini na moja. Nyuzi kumi na saba chini. Mama amerudi kusema nami, bila sababu, kwa furaha. Anasema halali tena na soksi. Nilidhani ni umri.

Jumapili, 1 Desemba, Adventi ya kwanza

Naandika na vidole vilivyoungua, kwa hiyo mwandiko usilaumiwe.

Saa nane mchana nilimpelekea Mama kahawa. Nje nyuzi kumi na tisa chini, na madirisha yote ya kijiji yakiwaka taa saba saba. Karakana ilikuwa ikinguruma. Alikuwa na vinara vitatu vya mwisho.

Kitanda cha Mama hakikuwa mahali pake. Alikuwa amekisukuma peke yake mpaka ukutani, ukuta wa karakana, na alikuwa amelala ubavu, mgongo ameuegemeza kwenye mbao.

"Mbona umehama?"

"Kuna joto hapa. Wiki ya tatu sasa. Sixten amenipashia ukuta." Akaupigapiga kama unavyompigapiga ng'ombe. "Mwana mwenye huruma yule. Wewe unanitupia samaki, mwenzako ananipashia ukuta."

Niliweka kiganja. Ulikuwa na joto la ubavu wa ng'ombe kweli. Nikapeleka mkono juu, kwenye fundo la ubao, na pale sikuweza kuuacha. Nikaweka pua. Samaki.

Kijitabu cha saba, ukurasa wa pili, chini ya picha ya soketi: plastiki ya umeme ikipata moto kupita kiasi mara nyingi hunuka kama samaki. Nimekuwa naijua sentensi hiyo kwa miaka thelathini na tisa. Ila nilikuwa na samaki halisi wa kuwalaumu, na niliwachukia mno hata sikutafuta mwingine.

"Mama, inuka."

"Sijamaliza kahawa."

Nilimwinua na kahawa yake. Nilimvusha ua akiwa ndani ya blanketi, akilalamika kwamba nimemkosea heshima mbele ya barabara, nikamketisha jikoni, nikashuka ghalani. Fyuzi ya njano iliniunguza vidole nilipokuwa naifungua. Ng'ambo ya ua msumeno ukanyamaza, kisha nikasikia viatu vyake.

"Dada, vimebaki vitatu. Vitatu tu."

"Leta mtaimbo. Na ndoo."

"Umechanganyikiwa?"

"Kauguse ukuta wa Mama, kisha rudi uniambie nimechanganyikiwa."

Alikwenda. Hakurudi. Nilimkuta ameshaleta mtaimbo na ameshang'oa ubao wa kwanza, uso umekuwa rangi ya maziwa. Moshi ulitoka mwembamba, kama wa mtu anayevuta kiko kwa siri. Ndani, unga wa msumeno ulikuwa mweusi upana wa sinia, na ukingoni kulikuwa na mstari mwekundu unaotambaa polepole, ukila kuelekea mahali kilipokuwa kitanda. Hakuna mwali. Ningeliona mwali mapema.

Nilimwaga maji, yeye akachota kwa beleshi na kutupa kwenye theluji, nikamwaga tena. Tulichota mpaka hakukuwa na kitu cha moto, kisha tukachota na kilichokuwa baridi. Giza lilipoingia, saa tisa na nusu, Sixten aliketi kwenye kitanda cha Mama, akafungua kikopo chake cha tumbaku, akakifunga bila kuchukua.

"Waya ni mnene," alisema. "Niliuona pande zote mbili."

"Niliuona pia."

"Sasa kwa nini?"

Nilimwambia kwamba Baba hakuweka pete nyekundu kwa kupenda rangi, na kwamba mjinga hung'oa kitufe cha kengele kisha akashangaa hasikii wageni. Nilisema mengine pia, nusu saa nzima, yote niliyokuwa nimeyaweka tangu Septemba. Aliyapokea yote. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimempigia simu fundi mwenye leseni. Mama analala chumbani kwangu. Anakoroma na kuota kwa sauti.

Jumanne, 3 Desemba

Fundi ni binti wa miaka kama thelathini, Ylva Tapper, mwenye kofia ya sufu na maneno machache. Alipima, akang'oa mbao nne zaidi, akapiga magoti na taa kichwani. Sixten na mimi tulisimama nyuma yake, Mama akatazama akiwa kwenye kiti tulichombebea mpaka mlangoni, maana alisema ukuta ni wake.

"Nani aliwaambia ni mbili na nusu?" aliuliza Ylva.

"Ncha zote mbili," alisema Sixten.

"Ncha ndiyo. Katikati si hivyo." Akavuta. Kutoka kulia ulikuja waya mnene, kutoka kushoto waya mnene, na kati yake kipande cha mita tatu chembamba, milimita moja na nusu, ganda lake limegeuka makaa. "Mtu aliishiwa waya, akaunga na alichokuwa nacho. Kipande hiki, ndani ya unga wa msumeno, ni cha amperi kumi. Na maungio haya hata kumi hayakustahili. Yamesokotwa kwa mkono. Ndiyo yaliyowaka."

Nilimtazama Sixten, nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemsamehe marehemu. "Baba," nilisema. "Aliishiwa waya, akaona aibu kusema, akaweka pete ndogo ili asiumbuke. Angalau yeye alijua alichofanya."

"Mama," Ylva aliniita, bila kugeuka, "haya hayakufungwa hata kwa utepe wa umeme. Ni utepe wa karatasi, wa kufungia vifurushi. Wa njano, una picha ya tarumbeta ndogo."

Akauinua kwa koleo. Nusu ulikuwa majivu, nusu ulikuwa wa njano kabisa. Tarumbeta ni nembo ya posta, na gari langu la barua lilikuwa na mabunda ishirini ya utepe ule.

Hapo nikakumbuka. Nikakumbuka kila kitu, kama barua uliyoisahau mfukoni. Kiangazi cha 1986, nina miaka ishirini na mitatu na vijitabu kumi na viwili kichwani. Baba alikuwa ameumia mgongo, akasema basi vuta wewe, msomi. Waya ulipungua mita tatu, duka lilikuwa limefungwa, na mimi nilitaka taa iwake kabla ya chakula cha jioni. Na iliwaka. Nilicheza dansi uani na beleshi.

Sixten aliutazama utepe muda mrefu. Alikuwa na haki ya nusu saa yake, nami nilijiandaa kuipokea.

"Baba hakuwahi kufanya kazi posta," alisema tu, akatoka kwenda kufagia theluji isiyohitaji kufagiwa.

Mama alikuwa anakoroga kahawa yake. "Aliiweka ile pete ulipokwenda kulala," alisema. "Alifungua ukuta, akaona, akafunga tena. Nilimwambia, mwamshe arekebishe. Akasema, hapana, amefurahi mno, nitaweka ndogo, itatosha. Akasema atarekebisha majira ya kuchipua."

"Miaka thelathini na minane, Mama."

"Majira ya kuchipua ana kazi nyingi mtu."

Ijumaa, 6 Desemba

Ylva amevuta waya mpya, wa mbili na nusu mwanzo mpaka mwisho, ndani ya bomba, nje ya ukuta, ambako kila mtu anauona. Fyuzi za kauri zimeondoka, mahali pake kuna breka, swichi zinazojikata zenyewe. Karakana ina breka ya kumi na sita, na hita ina waya wake na breka yake. Aliandika ripoti, akaandika ukweli: hitilafu imepatikana, imerekebishwa, chumba kinakalika. Halmashauri hawana la kusema. Fomu ilipouliza nani aliunga ule waya, aliandika "haijulikani", akanitazama, akafunga kalamu.

Kichefuchefu nilichokuwa nacho tangu Agosti, kwanza kwa samaki kisha kwa Sixten, kimehamia kwangu mwenyewe. Hakijapungua.

Jumamosi, 7 Desemba

Vinara sitini vimeuzwa vyote. Msifiaji alisema tena kuhusu mikono. Nilikubaliana naye kwa sauti, mbele ya watu. Sixten alinitazama kana kwamba nimemkanyaga.

Ijumaa, 13 Desemba

Mama amerudi chumbani kwake. Kitanda kiko dirishani. Analalamika kwamba ukuta ni baridi na kwamba yule mwana mwenye huruma amebadilika.

Pete nyekundu imepatikana. Ilikuwa kwenye kikopo cha tumbaku cha Sixten, kile anachokibeba mfukoni, chini ya kifuniko. Ameniletea ikiwa imelowa na kunuka. Nimeiosha mara tatu. Iko dirishani jikoni, chini ya kinara.

Kisha nimekwenda dukani. Walikuwa na mkebe mmoja tu uliobaki wa msimu, umevimba vibaya sana. Niliufungulia uani, kwenye theluji, ndani ya ndoo, nikamwandalia Mama viazi na vitunguu. Alikula, macho ameyafumba. Alipofungua, alikuta nami nina sahani.

"Wewe?"

"Sogeza vitunguu."

Nimekula kipande kizima, nimetafuna, nimemeza. Ni kichafu kuliko nilivyofikiri. Sixten alikuwa amesimama mlangoni na theluji kwenye viatu, ameona yote. Alifuta miguu, akavuta kiti, akanisukumia kipande cha pili.